Chumba kimoja cha kupanga: Usilale na jiko, usilale na sumu ya mahindi

Na Mwandishi Wetu, Tarime

MFANYABIASHARA mdogo anayepanga chumba kimoja mjini Tarime, Sirari, Nyamongo au Mugumu hapangi mahali pa kulala tu. Chumba hicho hicho ndicho jiko lake mvua inaponyesha, ndicho ghala lake la mahindi na maharage, ndicho anamohesabia fedha za mauzo, na mara nyingi ndimo anamolelea watoto. Analipa kodi ya futi kumi kwa kumi, lakini humo ndani anafanya kazi za nyumba nzima.

Wakulima nao hawako mbali na maisha hayo. Wapo wanaopanga chumba mjini ili mtoto awe karibu na shule ya sekondari. Wapo wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ambao wanajua kwamba tembo haishii shambani, akinusa mahindi yaliyohifadhiwa anaweza kubomoa ukuta ili ayafikie. Mkulima wa namna hiyo huona heri magunia yake machache yakae Mugumu kuliko kubaki nayo nyumbani akikesha na tochi.

Swali basi ni moja: mtu ataishije vizuri katika chumba hicho kimoja, mtaji wake ukabaki salama, na yeye na familia yake wakaamka asubuhi wakiwa wazima? Makala haya yanaeleza mambo ambayo mpangaji anaweza kuyafanya kwa gharama ndogo, na mengine bila gharama yoyote.

Usiku wa jiko

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanga chumba mjini Tarime, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na choo cha uani. Ni ramani ile ile ya nyumba za pwani iliyosambaa hadi miji ya bara. Usiku mmoja wa masika baridi ilizidi, nami nikaingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, hauna moshi. Nikafunga dirisha, nikaweka gunia chini ya mlango kuzuia upepo, nikalala.

Kilichoniokoa ni mama mmoja jirani aliyeona mwanga wa makaa kupitia upenyo wa mlango. Aligonga mpaka nikaamka, kichwa kikiniuma kama kinapasuka na miguu ikiwa haina nguvu. "Mura, unalala na jiko?" aliuliza, huku akilitoa nje yeye mwenyewe. Nilitapika uani mpaka alfajiri.

Watu wengi huamini kwamba hatari ya jiko ni moshi, hivyo mkaa ukishaiva na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Ukweli ni kwamba mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, gesi hiyo hujishika kwenye damu mahali ambapo hewa ya oksijeni ingekaa, na mwili unakosa hewa hata kama mtu anaendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliyelala hazisikii dalili hizo. Anapitiliza usingizini.

Nyanda za juu za Tarime zina baridi ya usiku, na hiyo ndiyo sababu kishawishi cha kuingiza jiko ni kikubwa. Kanuni ni fupi: jiko la mkaa halilali ndani. Kama mvua imekulazimisha kupikia chumbani, acha mlango na dirisha wazi mpaka umalize, kisha litoe jiko nje likiwa bado linawaka. Kwa baridi, blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi haraka na umkimbize hospitali. Usikae ndani ukimwuliza maswali, maana hata wewe unaivuta.

Gesi ya mtungi nayo ina adabu yake

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mitungi midogo ya kilo sita imeingia katika vyumba vingi vya kupanga, na kwa mwenye chumba kimoja ni nafuu kubwa: hakuna moshi wala majivu, na chai ya asubuhi inaiva kabla gari la mnadani halijaondoka.

Hata hivyo, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kwenda zake, inatambaa sakafuni na kutulia chini ya kitanda. Kwa hiyo weka mtungi karibu na mlango, usimame wima, mbali na kitanda na magunia. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu mapya yanayokua, gesi inavuja. Ukisikia harufu usiku, usiwashe taa wala kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje.

Vijana wa bodaboda wana hatari yao nyingine, nayo ni dumu la petroli chini ya kitanda. Mvuke wa petroli nao hutambaa chini, na cheche moja ya jiko au kibatari inatosha. Petroli isihifadhiwe kabisa katika chumba anacholala mtu.

Magunia: sumu au mfuko?

Hapa ndipo penye fedha ya mkulima na mfanyabiashara. Mahindi yakikaa miezi mitatu bila kinga, dumuzi na fukusi huyageuza unga. Mwenye mali anayajua hayo, hivyo hutafuta dawa. Tatizo linaanza pale dawa hiyo inapowekwa kwenye chumba ambacho watu wanalala.

Hatari kuliko zote ni vidonge vya kufukiza ghala, vile vinavyotoa gesi ya fosfini vikikutana na unyevu wa hewa. Vidonge hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya maghala yasiyokaliwa na watu, tena mikononi mwa mtu aliyefunzwa. Kidonge kinachoua dumuzi ndani ya gunia kinaua pia mtoto aliyelala kando ya gunia. Tena nyumba zetu nyingi hazina dari, na kuta za vyumba huishia kabla ya kufika kwenye bati. Gesi hupanda ukuta na kumwangukia jirani ambaye hata hajui kwamba wewe una mahindi. Mpangaji asivitumie vidonge hivi chumbani kwa hali yoyote, na akijua jirani amevitumia, aamshe nyumba nzima na watoke nje.

Dawa za unga za kuchanganya na nafaka si gesi, lakini nazo ni sumu. Zichanganyiwe nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, na mahindi yasiliwe wala kuuzwa kabla ya muda ulioandikwa kupita. Mabaki ya dawa, pamoja na mafuta ya taa, yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hasomi lebo, yeye anaijua chupa tu.

Kwa mwenye chumba kimoja, njia inayofaa ni mifuko ya kuzuia hewa, ambayo wengi wanaijua kwa jina la mifuko ya PICS. Teknolojia hiyo ilianzia Cameroon miaka ya 1980, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walikuwa wakitafuta njia ya kuhifadhi kunde bila dawa. Mfuko mmoja una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na gunia la kawaida nje. Ukiujaza, ukakamua hewa na kufunga kila tabaka peke yake, wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, kisha hukosa ya kupumua na kufa. Hakuna sumu, hakuna harufu, na mtu anaweza kulala chumba hicho hicho bila hofu.

Sharti lake ni kwamba mahindi yawe makavu. Mfuko unaozuia hewa kuingia unazuia pia unyevu kutoka, na mahindi mabichi ndani yake yataota ukungu. Ukungu huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Namna ya kupima ukavu bila mashine ni hii. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko. Tia chumvi kavu kiasi cha robo, ongeza mahindi mpaka nusu ya chupa, funga na utikise kwa dakika moja au mbili. Iache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yarudishe juani. Chumvi ikibaki chini bila kunata, mahindi yako tayari kufungwa. Mnunuzi anaweza kubeba chupa yake mpaka mnadani na kupima kabla hajatoa fedha.

Magunia yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta. Tengeneza kichanja cha mbao au miti chenye kimo cha shubiri moja, acha nafasi ya kupitisha mkono na ufagio nyuma yake. Panya ndiye adui wa mifuko hii, kwa sababu tundu moja la jino lake linarudisha hewa ndani na kazi yote inaharibika.

Hesabu ya futi mia moja

Chumba cha futi kumi kwa kumi kina futi za mraba 100. Kabla hujanunua samani, fanya hesabu hii. Kitanda cha sita kwa sita kinakula futi 36, zaidi ya theluthi ya chumba. Kitanda cha nne kwa sita kinakula 24. Cha tatu na nusu kwa sita kinakula 21. Tofauti kati ya kitanda kikubwa na kidogo ni futi 15, na hizo zinatosha kichanja cha magunia kumi yaliyopangwa safu mbili za matano matano, na bado ukabaki na njia ya kupita.

Kitanda chenyewe kinaweza kufanya kazi mbili. Kikiinuliwa kwa matofali mpaka kimo cha futi mbili, chini ya kitanda cha nne kwa sita kunapatikana futi za ujazo 48. Hapo panakaa masanduku ya nguo, sufuria kubwa na bidhaa kavu za dukani. Chandarua kifungwe kwenye dari au kamba, si kwenye magunia.

Ukuta ni ghala ambalo wapangaji wengi hawalitumii. Rafu za mbao juu ya usawa wa kichwa, misumari ya kutundikia ungo na mabeseni, na kamba moja ya nguo vinaacha sakafu huru. Muombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kupigilia, na mkubaliane kama rafu utaondoka nazo au zitabaki.

Pazia nalo lina kazi kubwa kuliko urembo. Likigawanya chumba mara mbili, mteja anayekuja kuulizia bei ya maharage anaishia upande wa mbele na haoni kitanda wala kisanduku cha fedha. Mgeni anakaa, mama anabadili nguo, na heshima ya nyumba inabaki.

Jambo la heshima lina uzito wake huku kwetu. Katika mji wa Mkurya, kijana akishakua halali nyumba moja na wazazi wake. Chumba kimoja kinavunja utaratibu huo, na wazazi wengi hulibeba jambo hili kimya kimya. Wapo wanaotatua kwa wapangaji wawili au watatu wa nyumba moja kuchangia chumba cha nje cha bei nafuu ambacho vijana wao wa kiume hulala pamoja. Kodi ikigawanywa inakuwa ndogo, na kila mzazi anamwona mwanawe asubuhi na jioni.

Kodi isimeze mtaji

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita mbele. Tuchukue mfano, si bei ya mahali fulani. Kodi ikiwa sh. 40,000 kwa mwezi, miezi sita ni sh. 240,000. Mfanyabiashara mwenye mtaji wa sh. 600,000 akiilipa kwa mkupuo kutoka kwenye mtaji huo, asilimia 40 ya biashara yake imehamia mfukoni mwa mwenye nyumba siku moja. Kama gunia la mahindi ni sh. 60,000, amepoteza uwezo wa kununua magunia manne kila mzunguko.

Dawa ya hilo ni kuigeuza kodi kuwa gharama ya kila siku, kama nauli na chakula. Katika mfano wetu, akitenga sh. 1,400 kila jioni kwa siku 180 atakuwa na sh. 252,000. Kodi inalipwa, na sh. 12,000 inabaki kwa balbu na kufuli jipya. Fedha hiyo isikae kwenye godoro. Iende kwenye simu, kikundi au akaunti tofauti na ile ya biashara.

Wafanyabiashara wa Sirari, ambao mkononi mwao huwa na shilingi ya Tanzania na ya Kenya kwa pamoja, waitenge kodi kwa fedha ile ile watakayolipia. Anayeweka akiba kwa fedha moja na kulipa kwa nyingine anaweza kukuta bei ya kubadilishia imemla.

Aidha, kabla ya kulipa, andikeni mkataba hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari. Uonyeshe majina, kiasi, miezi iliyolipwa, muda wa notisi, nani anatengeneza bati likivuja, na maji na umeme vinagawanywaje. Wapatikane mashahidi, na serikali ya mtaa au kijiji ifahamu kwamba upo. Uandike wazi pia kwamba mwenye nyumba ameridhia kuhifadhi nafaka chumbani. Asiyeandika hili anaweza kuambiwa ahame katikati ya msimu, magunia yakiwa ndani.

Umeme wa Luku moja kwa vyumba sita ndio chanzo cha ugomvi mwingi uani. Mwenye balbu moja na mwenye friji hawawezi kuchanga sawa. Mita ndogo za kila chumba humaliza maneno. Vilevile, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia Luku. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, hivyo wapangaji wanaonunua umeme wakubaliane naye mapema jinsi ya kuirudisha kwenye hesabu ya kodi ya chumba.

Uani kuna shamba

Mkulima aliyehamia mjini huona vibaya kununua mboga. Hana sababu ya kuona vibaya, maana gunia moja chakavu linatosha. Weka changarawe katikati kwa kutumia kopo lisilo na kitako, jaza udongo uliochanganywa na samadi pembeni, kisha livute kopo juu na kurudia mpaka gunia lijae. Panda sukuma wiki, mnafu au mgagani juu na kwenye matundu ya ubavuni. Maji hushuka kupitia changarawe na kufika kila shina. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, bustani za namna hii zimelisha familia zisizo na hata hatua moja ya ardhi.

Usitumie gunia lililobeba mbolea au dawa, na usilimwagie maji yenye sabuni nyingi.

Maji ya kunywa na kupikia yakae kwenye madumu yenye vifuniko karibu na mlango, mbali na magunia. Familia ya watu wanne inayotumia lita 20 kila mmoja inahitaji madumu manne kwa siku, na kila dumu linalovuja ni adui wa mahindi makavu. Kila asubuhi fungua dirisha na mlango walau kwa saa moja. Chumba kilichofungwa siku nzima hulea unyevu, ukungu, na vimelea vya kifua kikuu vinavyosambaa kwa hewa.

Lini useme imetosha

Kuna kiwango ambacho chumba hakipaswi kuvuka. Kama magunia yamefika mahali ambapo huwezi kufungua mlango mpaka mwisho, au dirisha limezibwa, hicho si chumba tena, ni ghala lenye mtu ndani. Moto ukitokea huna pa kutokea. Wakati huo umefika wa watatu au wanne kuchangia kodi ya stoo moja, au kupeleka mzigo kwenye ghala la chama cha ushirika. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 ilitungwa kwa ajili hiyo hiyo: mwenye mali aweke mazao kwenye ghala lenye leseni, apewe stakabadhi, na alale nyumbani kwake bila gunia ubavuni.

Yule mama aliyenigongea mlango alikuwa na chumba kama changu, cha pili kutoka uani. Watoto watatu, kichanja cha mtama na mihogo mikavu, pazia la kitenge katikati, jiko nje chini ya bati. Nilikaa naye nyumba moja kwa karibu miaka miwili, na sikuwahi kumsikia akilalamika kwamba chumba ni kidogo. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, alikuwa akihesabu vitu viwili: watoto ndani, jiko nje.